Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mbegu: si kila nyanya iliyopata rasta ilitokana na mbegu feki

Kwa: Waheshimiwa viongozi wa Wizara ya Kilimo, TARI mnaotafiti, TOSCI mnaothibitisha mbegu, TPHPA mnaolinda afya ya mimea na mipaka yetu.

YAH: NYANYA ZENYE KINGA KUPATA RASTA, NA OMBI LA KUPIMIWA KABLA YA KUAMBIWA "FEKI"

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Marehemu baba yangu alikuwa mtendaji wa kijiji, na barua zote alizoandika maishani mwake zilianza hivyo. Nimejaribu kuanza namna nyingine nimeshindwa.

Mimi ni mkulima wa nyanya na mwotesha miche huku Mlali, wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru, njia ya kupandia Mgeta. Nyanya ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Ndiyo iliyoninunulia pikipiki, na ndiyo iliyonifanya niiuze. Leo silalamikii bei wala madalali wa Dar es Salaam. Hao wana barua yao siku nyingine. Nataka tuzungumze kuhusu neno moja, "feki", tunalopewa kila mara mbegu ya bei mbaya inapotushinda shambani kwa rasta, yaani ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya nyanya.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, nilikuwa na nusu eka ya nyanya chotara, miche elfu nne na mia mbili. Pakiti zilikuwa zimefungwa vizuri, zina lebo, na muuzaji aliniambia kwa mdomo wake kwamba hii rasta haiigusi. Bei yake mke wangu sijamwambia hadi leo. Siku ya ishirini na tano tangu kuhamishia miche shambani, napita mistari asubuhi, nikauona mche mmoja kwenye kona ya chini kando ya mfereji. Kichwa kimesimama kama ufagio. Majani ya juu yamedumaa, kingo zimekuwa njano, yamejikunja kwenda juu kama kikombe cha kahawa. Nikaupangusa kwa kiganja, inzi weupe wakaruka kama majivu ya jikoni.

Nikaung'oa, nikaenda zangu. Baada ya siku nne nikang'oa ishirini na sita. Baada ya wiki tatu nikaacha kung'oa, kwa sababu ningebaki na mifereji mitupu. Maua yalichanua, yakapukutika. Pale nilipotarajia matenga zaidi ya mia nilichuma kumi na moja, tena ya nyanya ndogo ndogo za kuuzwa kwa mama ntilie.

Nilikwenda kwa muuzaji. Sitalitaja duka wala kampuni, maana sina ushahidi na sitaki kumwonea mtu. Aliniambia: "Mzee, utakuwa ulinunua feki kwingine ukachanganya." Bibi shamba wetu, mtu mwema ambaye anahudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja, alisimama shambani dakika tano, akasema: "Hii mbegu feki hii." Majirani nao wakasema feki. Hata mimi nikasema feki, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokataa kukaa sawa. Mama mmoja jirani yangu alinunua pakiti za boksi lile lile, siku ile ile, tukasafiri daladala moja kurudi. Yeye alipanda kule juu kwenye ubaridi, akachuma mpaka akachoka. Kama mbegu ilikuwa feki, kwake ilikuwa halisi kwa miujiza gani?

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma na kuulizia, na niliyoyakuta ndiyo yamezaa barua hii. Mtaniwia radhi nikieleza mambo mnayoyajua vizuri kuliko mimi. Barua ni ya wazi, na wenzangu wa mashambani wanaisoma pia.

Kinga ya nyanya dhidi ya virusi haikutengenezwa kiwandani. Nyingi imetoka kwa nyanya pori za Amerika ya Kusini, zile zenye vitunda vidogo visivyolika kwa raha, ambazo wazalishaji wa mbegu walizipandisha na nyanya za kawaida kwa miaka mingi ili kuchukua jeni moja au mbili za ulinzi. Jeni hizo zinafanya kazi kama mlinzi wa getini aliyepewa picha ya mwizi. Virusi vikiingia kwenye jani, mlinzi analinganisha na picha, anakitambua kipande fulani cha protini, basi seli zile zinajifungia na virusi vinakwama palepale. Mlinzi huyo ni hodari. Udhaifu wake ni kwamba anayo picha moja tu. Mwizi akinyoa ndevu, anapita na kumsalimia.

Na virusi vinanyoa ndevu kila siku. Kila vinapozaliana ndani ya mmea vinanakili maandishi yao, na katika kunakili wanakosea herufi hapa na pale. Makosa mengi yanawaua wenyewe. Lakini ukiwa na bonde zima limepandwa nyanya yenye mlinzi mmoja, msimu baada ya msimu, basi hilo kosa moja la bahati, lile linalobadilisha sura bila kuua, litapata eneo lote kwa ajili yake peke yake.

Si nadharia hii. Kuna jeni moja inaitwa Sw-5, inayokinga nyanya dhidi ya virusi vya mnyauko wa madoa vinavyoenezwa na wadudu wadogo waitwao vithiripi, ambavyo kwenye pakiti huandikwa TSWV. Jeni hiyo ilipata umaarufu kupitia nyanya ya Afrika Kusini iitwayo Stevens, ikasambazwa dunia nzima. Ikavunjwa Hawaii, ikavunjwa Australia, ikavunjwa Hispania na Italia, na mwaka 2016 ikavunjwa California. Watafiti walipochunguza virusi vya Hispania, walikuta kwamba tofauti kati ya virusi vinavyozuiwa na virusi vinavyopita ilikuwa tofali moja tu katika protini ambayo virusi huitumia kuhama kutoka seli hadi seli. Tofali moja. Mimi nikikosea tofali moja kwenye banda la kuku, banda linasimama vilevile. Wao wakikosea moja wanapata shamba.

Kuna nyingine, Tm-2², ambayo nina heshima nayo. Ilizuia virusi vya batobato vya nyanya kwa takriban nusu karne, hadi watu wakaanza kuamini kwamba hiyo haivunjiki. Mwaka 2014 kwenye mabanda ya nyanya kusini mwa Israeli, na mwaka uliofuata nchini Yordani, nyanya zilizokuwa na jeni hiyo zikaanza kutoa matunda yenye mabaka ya kahawia na ngozi iliyokunjamana. Ni virusi vipya, ndugu wa wale wa zamani, ambavyo wataalamu huviita ToBRFV. Mwaka 2018 vilikuwa Ujerumani, Italia na Meksiko. Mwaka 2019 vikawa Uholanzi na Uingereza, na Umoja wa Ulaya ukalazimika kutoa masharti ya dharura kuhusu mbegu na miche ya nyanya na pilipili. Hivi havihitaji inzi. Vinakwenda kwa mkono, kisu, nguo, kamba ya kufungia, na juu ya ngozi ya mbegu yenyewe. Nikisoma hivyo nayawaza matenga yetu, yanavyokwenda Dar yamejaa na kurudi matupu, hayajaoshwa tangu mbao zake zilipopigiliwa misumari, na kesho yake yanatupwa katikati ya shamba.

Sasa turudi kwenye rasta yenyewe, maana hapo ndipo penye shida yangu.

Rasta ni kundi la virusi vingi vya kukunja majani, vyote vikibebwa na inzi weupe. Inzi akinyonya mche mgonjwa kwa dakika kumi na tano au ishirini anakuwa amebeba, na baada ya saa kadhaa anaanza kuambukiza, hadi anakufa. Vile vinavyojulikana zaidi duniani, ambavyo pakiti huviandika TYLCV, vilielezwa kwanza kwenye nchi za Mashariki ya Kati. Lakini vyetu vina majina yao. Mwaka 1997 kilichapishwa kirusi tofauti kilichopatikana katika nyanya za Tanzania. Baadaye kikaja kilichopewa jina la Arusha, kingine jina la Uganda. Ni ndugu, ndiyo. Lakini mtu na mdogo wake hawana picha moja.

Na kinga inayouzwa zaidi dhidi ya rasta, ile ya jeni iitwayo Ty-1, haifanyi kazi kama mlinzi wa getini. Hiyo inafanana zaidi na mama mwenye nyumba anayemvumilia mgeni mbaya huku akimnyima chakula. Virusi vinaingia, vinaishi, ila vinabaki vichache na mmea unaendelea kuzaa. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba mmea wenye Ty-1 ukishikwa na virusi vya batobato ya matango kwa wakati mmoja, ule uvumilivu unalegea na virusi vya rasta vinapanda. Huku kwetu nani analima nyanya peke yake? Kando yangu kuna matango, kuna pilipili hoho, kuna matikiti maji.

Jambo la pili kuhusu uvumilivu huu linanisumbua zaidi. Shamba la nyanya vumilivu linaonekana zima, lakini ndani yake virusi vipo, na inzi hawaoni tofauti. Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya mmea mmoja vinaweza kukata na kuunganisha maandishi yao, wakatoka na mtoto mwenye kipande cha huyu na kipande cha yule. Bonde la Souss kule Morocco lilipitia hayo. Wakulima walihamia kwenye mbegu zenye Ty-1, na katika miaka ya 2000 mtoto wa namna hiyo akaenea, akiwa amechukua kipande kidogo tu cha herufi 76 kutoka kwa mzazi mmoja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 alikuwa amewafukuza wazazi wake wote wawili kwenye nyanya za bonde lile. Ile mbegu iliyoletwa kuwaokoa ndiyo iliyomchagua.

Wala tusiseme hayo ni ya Waarabu na Wazungu. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka mihogo ilivyokwisha katika miaka ya 1990, batobato kali iliyoshuka kutoka Uganda kwa kasi ya mwendo wa miguu. Mwaka 1997 ikathibitika kwamba kirusi kile kilikuwa mchanganyiko wa virusi viwili vya mihogo, na mbebaji alikuwa huyo huyo inzi mweupe. Na nchi hii si mgeni wa kazi ya kinga: pale Amani, Usambara, tangu miaka ya 1930 wataalamu walikuwa wakipandisha muhogo na mti wa mpira ulio ndugu yake ili wapate muhogo usioshikwa na batobato. Tunaijua kazi hii kwa karibu karne nzima.

Kwa hiyo nikirudi kwenye nusu eka yangu, naona maelezo manne yanayowezekana. Huenda mbegu ilikuwa feki kweli. Huenda ilikuwa halisi lakini kinga yake ilipimwa dhidi ya TYLCV ya mbali, nasi tunaye ndugu yake. Huenda virusi vyetu vimebadilika. Na huenda kinga ilikuwa nzuri ila ilizidiwa, kwa sababu mwezi wa tisa huku chini ni joto, inzi ni wengi, miche yangu ilishikwa ikiwa bado kitaluni, na yule mama wa juu hakuwa na inzi wa kuhesabika. Haya manne dawa zake hazifanani hata kidogo. La kwanza ni la polisi na mahakama. La pili ni la wazalishaji wa mbegu. La tatu ni la kubadilisha mbegu bonde zima kabla ya msimu. La nne ni la neti ya kitalu, ambalo ningelimaliza mwenyewe.

Mimi nililitibu kwa kupiga dawa mara nne kwa wiki. Nilibadilisha chupa tatu, na mwisho nikachanganya mbili kwenye bomba moja, jambo ambalo nisingependa mtoto wangu alifanye. Inzi weupe walikuwa wakiruka nikipita na kutua nikishapita. Dawa ya wadudu haitibu virusi vilivyokwisha kuingia, hilo nalijua sasa. Wakati ule nilikuwa nalipia hasira.

Ombi langu la kwanza basi ni dogo: mtupimie. Mkulima akileta jani lenye rasta kutoka kwenye mbegu iliyouzwa kuwa na kinga, kuwe na mahali pa kulipokea, na jibu lirudi likisema ni kirusi gani, na kama mmea wenyewe una hiyo jeni iliyoahidiwa. Kipimo ni PCR, kile kile tulichozoea kukisikia wakati wa korona. Jani linaweza kukaushwa ndani ya karatasi likasafiri kwenye basi. SUA, chuo kikuu cha kilimo, iko Morogoro mjini, TOSCI makao yake yako huko huko, TPHPA wako Arusha. Watu na mashine vipo nchini. Kinachokosekana ni njia kutoka kwenye mfereji wangu hadi kwenye mashine, na njia ya jibu kurudi.

La pili ni lebo. Geuzeni pakiti yoyote ya nyanya chotara mtazame nyuma. Kuna mstari wa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi: HR, IR, ToMV:0-2, TYLCV, TSWV:0. Nilimwomba kijana wangu wa kidato cha tatu anisomee, akasoma vizuri, halafu akaniuliza maana yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba HR ni kinga ya juu na IR ni kinga ya kati, na kwamba zile namba baada ya nukta mbili zinasema kinga ilipimwa dhidi ya aina zipi za kirusi. Hiyo sifuri inayofuata TSWV ina uzito mkubwa. Inakwambia mlinzi anayo picha ya mwizi wa zamani tu. Mkulima anayeiona atadhani ni urembo.

Na rasta karibu siku zote nimeiona iko upande wa IR, kinga ya kati. Dukani inaitwa "haishikwi". Kati ya maneno hayo mawili ndipo fedha yangu ilipozama. Tunaomba lebo iseme kwa Kiswahili: inavumilia, haizuii, imepimwa Tanzania, mahali fulani, mwaka fulani, ipandwe na neti kitaluni. Mstari mmoja. Sidhani kama kuna kampuni yenye mbegu nzuri itakayoogopa kuandika mwaka iliopimwa. Zitakazoogopa nazo tutakuwa tumezijua.

La tatu linahitaji fedha kidogo na uvumilivu mwingi. Katika maeneo makubwa ya nyanya, hapa Mlali, Dumila, Ilula, Ngarenanyuki, Lushoto, wekeni kishamba kidogo cha kupimia, mistari michache tu, kila msimu bila kukosa. Mstari mmoja wa nyanya isiyo na kinga kabisa, mmoja wenye Ty-1, mmoja wenye Ty-2, jeni nyingine ya kinga ya rasta, mmoja wenye jeni mbili pamoja, na kadhalika. Isiyo na kinga ikiugua na zilizobaki zikasimama, tunalala. Siku zile zenye kinga zitakapoanza kukunja majani, mtakuwa mmejua msimu mmoja kabla yetu, na msimu mmoja kwa mkulima ni ada ya shule. Majani ya mistari hiyo yasomwe maandishi ya virusi vyake, yalinganishwe mwaka hadi mwaka. Halafu mtutumie ujumbe wa simu. Namba zetu mnazo; tulijisajili wenyewe kwa ajili ya mbolea ya ruzuku.

Nisitake kuonekana kana kwamba mzigo wote ni wenu. Mimi ni mwotesha miche, na naungama. Kwa miaka mingi nimeotesha miche nje bila neti, hatua thelathini kutoka kwenye shamba lililokwisha kuchumwa na kuachwa limesimama na inzi wake wote. Nimeuza miche yenye inzi chini ya majani. Mteja hakuiona, nami sikuitafuta. Kitalu kimoja kinahudumia mashamba kumi au kumi na tano, kwa hiyo kitalu kibaya kinaeneza ugonjwa kwa ufanisi ambao inzi peke yake hauwezi. Sheria ya mbegu ina macho juu ya pakiti. Mche unaotoka kwangu kwenye ndoo, ukasafirishwa kwa bodaboda hadi kijiji cha pili, hauulizwi na mtu. Uanze kuulizwa, hata kama mtu wa kwanza kufungiwa ni mimi.

Na kuna magugu. Mnanaha unaoota kando ya mifereji yetu ni nyumba ya virusi hivi wakati nyanya hazipo. Watoto wanaujua kwa sumu yake, lakini hakuna aliyetuambia habari za rasta iliyomo.

Nimeliacha mwisho jambo gumu, kwa sababu najua litanipatia maadui hapa kijijini. Jamhuri ya Dominika, kisiwani kule Karibi, rasta ya nyanya iliwaingilia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikakaribia kuviangusha viwanda vyao vya nyanya. Serikali ikapiga marufuku kwa miezi mitatu kila mwaka kuwa na mimea inayolisha inzi weupe na virusi katika maeneo yale. Inzi wenye virusi wakafa bila kupata pa kuvirithisha, msimu ukaanza upya ukiwa safi, na kilimo chao kikainuka. Bonde la Arava kule Israeli lina utaratibu wa namna hiyo, wa muda mfupi zaidi.

Huku kwetu nyanya hailali. Mmoja anang'oa, jirani anahamishia miche, wa tatu anachuma. Virusi havina siku ya njaa, na vikiwa havina siku ya njaa vina muda wote wa kubadilika. Mwezi mmoja na nusu bila nyanya wala pilipili kwenye skimu moja ya umwagiliaji ungevikata virusi kuliko dawa zote zilizoko kwenye maduka ya barabara ya Mgeta. Maharage nayo yasipandwe wakati huo, kwa sababu yanaweza kushikwa na virusi hao hao. Mahindi au mpunga, sawa.

Lakini jamani, msije mkalitekeleza kwa mgambo. Mwenye robo eka ya kukodi anayeishi kwa mchumo wa Jumatano hana mwezi na nusu wa kusubiri. Kama mtajaribu, jaribuni kwenye skimu moja iliyokubali yenyewe, mwaka mmoja, na mbegu ya mahindi itoke kwenu, na maji yafungwe kwa makubaliano ya kamati yetu. Mkipita na kung'oa nyanya za mjane kwa amri, mtakuwa mmeua wazo zuri kwa miaka ishirini. Mimi nitasimama mkutanoni kulitetea, lakini naomba nisisimame peke yangu.

Kuhusu ToBRFV nina neno moja kwa TPHPA: mbegu za nyanya na pilipili zinazoingia zipimwe sampuli kabla hazijafika madukani, na zile zinazoingia kwenye mabegi ya abiria ziangaliwe vilevile. Hicho ni kirusi ambacho kikishaingia ardhini kwetu na kwenye matenga yetu, hatutakuwa na cha kung'oa.

Msimu huu nimeweka neti kitaluni, ya kushona mwenyewe, imeniharibia vidole. Nimepanda chotara ileile ya mwaka juzi, kwa sababu nataka kujua. Katikati yake nimeweka mistari miwili ya Tanya, ambayo rasta haina huruma nayo, ili niwe na cha kulinganisha. Leo ni siku ya kumi na nane tangu kuhamishia. Tanya minne imeanza kukunja. Chotara bado.

Kama mtamtuma mtu, aje kati ya sasa na wiki tatu zijazo. Aulize kwenye ofisi ya kijiji, watamwonyesha. Ila aje asubuhi mapema, kabla ya saa tatu, kwa sababu jua likipanda majani yote hujikunja kwa joto na hapo hata mimi siwezi kutofautisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa nyanya na mwotesha miche,
Mlali, Mvomero.